Uchafu wa Umeme: Tuzibe Chombo Kabla ya Kufua Maji

Tangu taa za umeme zilipoanza kuwashwa katika miji yetu, swali wanaloliuliza wananchi juu ya nishati hii limekuwa ni moja: umeme upo au haupo? Ni swali la haki kabisa, maana viko vijiji vilivyoungojea umeme kwa miaka mingi, na hata pale ulipokwisha kufika bado hukatika. Hata hivyo liko swali la pili ambalo husikika kwa nadra sana, nalo ni hili: umeme uliopo ni wa namna gani? Katika habari ya maji tumekwisha kujifunza kuuliza maswali yote mawili. Hatutosheki kuona bomba likitiririka, bali twauliza pia kama maji yenyewe ni safi. Wakati umefika wa kuuliza vivyo hivyo juu ya umeme.

Uchafu ninaouzungumzia waweza kupimwa kwa vyombo na kuandikwa kwa hesabu, na joto lake huunguza nyaya. Wahandisi huuita hamoniki. Dawa yake mojawapo, inayosifiwa sana siku hizi, ni mtambo uitwao chujio tendaji. Katika makala haya nakusudia kueleza uchafu huo hutoka wapi, hudhuru nini, na chujio hilo huuondoaje. Kisha nitatoa rai yangu, kwamba chujio tendaji ni mtumishi mwema, lakini nchi inayonunua karibu vifaa vyake vyote vya elektroniki kutoka ng'ambo itapoteza fedha nyingi ikilifanya kuwa dawa ya kwanza.

Wimbi safi na wimbi lililochafuka

Umeme tunaogawiwa majumbani ni mkondo geu. Volteji yake hupanda, hushuka, hugeuka upande wa pili na kurudi ilikoanzia mara 50 kila sekunde, yaani kila mzunguko huchukua milisekunde 20. Jenereta hutengenezwa kwa uangalifu ili mchoro wa volteji hiyo uwe wimbi la saini, lile lile ambalo wanafunzi hulichora katika somo la trigonometria.

Balbu ya zamani yenye uzi wa tungsteni, pasi na jiko la umeme vilikuwa vifaa vitiifu. Volteji ilipopanda, mkondo nao ulipanda kwa uwiano ule ule, na iliposhuka, mkondo ulishuka pamoja nayo. Vifaa vya leo havina utii huo. Televisheni, kompyuta, chaja ya simu na balbu ya LED huanza kwa kuunyoosha mkondo kwa diodi, kisha huuweka akiba katika kapasita. Kapasita hiyo hupokea umeme pale tu volteji ya laini inapoizidi volteji yake yenyewe, yaani karibu na kilele cha wimbi. Hivyo, badala ya kuvuta mkondo kwa ulaini muda wote, kifaa huunyakua kwa mapigo mafupi, mara 100 katika kila sekunde. Viwandani, vinyoosha-mkondo vikubwa vinavyoongoza mwendo wa mota hufanya jambo la namna hiyo hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi.

Twawezaje kuupima mkondo wenye umbo la ajabu kama huo? Jibu lilipatikana kabla umeme haujaanza kuuzwa. Mwaka 1807 Joseph Fourier, Mfaransa aliyekuwa akichunguza jinsi joto linavyoenea katika vitu vigumu, aliwasilisha mjini Paris hoja iliyowatia mashaka wanahisabati wakubwa wa siku zake, Lagrange akiwa mmojawapo. Alidai kwamba umbo lolote linalojirudia, hata likiwa na pembe kali, laweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya saini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822, na wanahisabati waliomfuata waliyaeleza kwa usahihi masharti ya hoja yake. Leo ndiyo msingi wa kazi yote ya hamoniki.

Kwa mujibu wa hoja hiyo, mkondo uliochafuka ni jumla ya wimbi la msingi la hezi 50 na mawimbi mengine ambayo marudio yake ni mara tatu, mara tano, mara saba na kuendelea: hezi 150, 250, 350. Hizo ndizo hamoniki ya tatu, ya tano na ya saba. Kwa kawaida zile za namba shufwa hazionekani, kwa kuwa nusu ya juu ya wimbi na nusu yake ya chini hufanana.

Madhara yake

Tuanze na waya wa nyutro. Katika mfumo wa fezi tatu, mikondo ya msingi hupishana kwa digrii 120, na ikiwa mizigo imelingana, jumla yake katika nyutro ni sifuri. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani waliruhusiwa, katika majengo mengi, kuweka waya wa nyutro mwembamba kuliko nyaya za fezi. Lakini hamoniki ya tatu huzidisha kila pembe mara tatu, na mara tatu ya 120 ni 360, ambayo ni sawa na kutopishana kabisa. Hamoniki za tatu za fezi zote hufika katika nyutro kwa wakati mmoja zikielekea upande mmoja, nazo hujumlishwa badala ya kufutana.

Tuchukue mfano. Jengo lenye kompyuta na taa za LED huvuta katika kila fezi mkondo wa msingi wa ampea 30 na hamoniki ya tatu ya ampea 20. Thamani ya mkondo wa fezi kwa hesabu ya joto ni kipeo cha pili cha jumla ya miraba, yaani kipeo cha pili cha 900 na 400, ambacho ni ampea 36. Nyutro, ambayo ilitazamiwa kuwa tupu, hubeba mara tatu ya 20, yaani ampea 60. Kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo, waya wa nyutro wenye unene ule ule utapata joto karibu mara 2.8 ya lile la waya wa fezi. Ukiwa mwembamba zaidi, hali ni mbaya zaidi. Juu ya hayo, nyutro haiwekewi fyuzi, kwa hiyo hakuna kitakachoukata umeme kabla mpira wa waya haujaanza kuyeyuka.

Transfoma nayo huumia, kwa sababu mikondo ya kisulisuli inayozunguka ndani ya shaba na chuma chake huleta upotevu unaokua kwa mraba wa marudio. Mota ya fezi tatu hupata taabu nyingine: hamoniki ya tano hutoa uga wa sumaku unaozunguka kinyume na mwendo wa mota, ukawa kama mtu anayesukuma mkokoteni kwa mbele huku wenzake wakiusukuma kwa nyuma.

Dhara la nne huwashangaza wengi. Viwanda hufunga kapasita ili kusahihisha kipengele cha nguvu na kupunguza ankara ya umeme. Kapasita hiyo pamoja na transfoma huwa kama pembea: ina marudio yake ya asili, na ukiisukuma kwa marudio hayo hupaa juu sana. Namba ya hamoniki inayoiamsha pembea hiyo hupatikana kwa kugawa nguvu ya mzunguko mfupi wa mahali hapo kwa nguvu ya kapasita, kisha kutafuta kipeo cha pili. Transfoma ya kVA 500 yenye kizuizi cha asilimia 5 ina nguvu ya mzunguko mfupi ya kVA 10,000. Ukifunga kapasita za kVAr 200, mgawo wake ni 50, na kipeo cha pili chake ni 7.07. Umeikaribisha hamoniki ya saba ndani ya nyumba yako. Kapasita zitapasuka na fyuzi zitakatika, na msimamizi wa kiwanda atalilaumu shirika la umeme.

Chujio tendaji hufanyaje kazi

Chujio la kwanza kubuniwa lilikuwa chujio tulivu: koili na kapasita zilizopatanishwa kwa hamoniki moja, zikiipa njia rahisi ya kupita isirudi kwenye laini. Ni la bei nafuu na imara, lakini halibadiliki. Mizigo ikibadilika, au laini ikiongezwa, mapatano yake huharibika, na pengine chujio lenyewe hugeuka kuwa pembea ile niliyoieleza.

Chujio tendaji hufuata njia nyingine. Hupima mkondo unaovutwa na mzigo, hutenga wimbi la msingi, na kinachobaki ndicho uchafu. Kisha kwa transista zinazofunguka na kufunga maelfu ya mara kila sekunde, hutengeneza mkondo ulio sawa na uchafu huo lakini kinyume chake, na kuuingiza katika laini. Vitu viwili vilivyo sawa na vinavyopingana vikikutana, jumla yake ni sifuri, na kituo cha kupozea umeme huona wimbi la msingi peke yake.

Wazo hili si la jana. Sasaki na Machida wa Japani walitangaza mwaka 1971 njia ya kuifuta hamoniki kwa kuipinga, na mwaka 1976 Gyugyi na Strycula huko Marekani walieleza namna mbalimbali za machujio hayo. Lililokuwa limepungua ni swichi zenye kasi na nguvu ya kutosha, pamoja na hesabu ya kuutambua uchafu papo kwa papo. Mwaka 1982 chujio la kVA 800 lilianza kutumika Japani, na mwaka 1983 Akagi, Kanazawa na Nabae walitoa nadharia ya nguvu ya papo hapo, ambayo huliwezesha chujio kutenda bila kungoja wimbi zima lipite. Machujio mengi ya leo bado hutumia nadharia hiyo au jamaa zake.

Sifa mojawapo ya mtambo huu ni kwamba haubebi mzigo wote. Tuchukue kinyoosha-mkondo cha fezi tatu chenye mapigo sita. Kinadharia, mkondo wa msingi ukiwa ampea 100, hamoniki ya tano ni ampea 20, ya saba 14, ya kumi na moja 9, na ya kumi na tatu 8. Jumla ya miraba yake ni 741, na kipeo cha pili chake ni karibu 27. Chujio la ampea 30 hivi litatosha kuusafisha mkondo wa ampea 100. Tena likiwa limeelekezwa vema, litafuata mabadiliko ya mzigo bila kuguswa na fundi.

Mipaka ya dawa hii

Sifa hizo ni za kweli, nami huwafundisha wanafunzi wangu kwa furaha. Lakini kuna mambo matatu ambayo wauzaji wa machujio hawayatangulizi.

La kwanza ni mahali. Chujio husafisha upande wa laini ulio kati yake na kituo cha umeme. Upande ulio kati yake na mzigo hubaki na uchafu wote kama zamani. Mwenye jengo anayefunga chujio kwenye ubao mkuu chini ya ngazi amemsaidia jirani yake na transfoma ya mtaani, jambo ambalo ni jema, lakini nyutro za ghorofani zitaendelea kupata moto ule ule.

La pili ni tabia ya mzigo wenyewe. Kifaa chenye diodi na kapasita kubwa hunyakua mkondo kwa kadiri volteji inavyokiruhusu. Chujio likiisafisha volteji iliyo karibu naye, kifaa hicho huona njia imenyooka na kunyakua kwa nguvu zaidi, nalo chujio hulazimika kufanya kazi kubwa kuliko iliyopangwa. Kwa hiyo watengenezaji wenyewe huagiza kwamba mizigo ya namna hiyo itiwe koili kwanza.

La tatu ni matunzo. Ndani ya chujio tendaji mna feni, transista za nguvu na kapasita. Kapasita za elektroliti, kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi kote, hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila ongezeko la digrii 10 za joto. Katika chumba cha umeme cha pwani yetu, mwezi wa Februari, jambo hilo si dogo. Kadi za ndani zikiharibika, aghalabu hazitengenezeki hapa, bali huagizwa kwa fedha za kigeni, na katika muda wa kungoja, uchafu hurudi kama ulivyokuwa.

Kalafati ni kitu gani katika umeme?

Mabaharia wa mwambao wanajua kwamba katika jahazi lazima awepo mtu wa kufua maji, maana hata chombo kizuri huingiza maji kidogo. Lakini hakuna nahodha mwenye akili atakayeacha kutia kalafati kwa sababu tu amempata mfua maji hodari. Kwanza nyufa huzibwa kwa usufi na mafuta chombo kikiwa pwani. Yale machache yatakayopenya ndiyo kazi ya mfua maji.

Katika umeme, kalafati ni kukiunda au kukichagua kifaa ili uchafu usitoke. Mfano ulio rahisi kabisa ni koili ya laini, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye kiini cha chuma na kuwekwa mbele ya kifaa kinachoongoza mota. Kifaa cha namna hiyo kisichokuwa na koili chaweza kuwa na hamoniki zinazozidi asilimia 80 ya mkondo wa msingi. Koili ya ukubwa wa kawaida aghalabu hushusha kiasi hicho hadi kwenye asilimia 40 au chini yake. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanda aliyehitaji chujio la ampea 80 sasa atahitaji lisilozidi ampea 40, na pengine hatalihitaji kabisa. Koili haina transista wala programu. Mafundi wetu wanaosuka mota waweza kuisuka, mradi wapewe vipimo na chuma kinachofaa.

Kalafati ya pili hutumika katika mitambo mikubwa. Vinyoosha-mkondo viwili vya mapigo sita huunganishwa kupitia transfoma inayoachanisha mawimbi yake kwa digrii 30. Hamoniki ya tano na ya saba za kimoja hufutwa na za mwenzake, na zinazobaki huanzia ya kumi na moja. Vituo vikubwa vya kugeuza umeme kwa ajili ya njia ndefu za mkondo mnyoofu hutumia mpango huu. Katika ukanda wetu njia hizo ni jambo la kweli: ile ya Inga hadi Shaba nchini Kongo, yenye urefu wa kilometa 1,700 hivi, ilianza mwaka 1982, na ile ya kutoka Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, yenye uwezo wa megawati 2,000, ilianza kazi mwaka 2022.

Kalafati ya tatu imo ndani ya vifaa vidogo. Mtengenezaji wa balbu au kompyuta aweza kuongeza sakiti ndogo inayolazimisha mkondo ufuate umbo la volteji. Kiwandani kwake hiyo ni gharama ndogo kwa kila kifaa. Kwetu, baada ya vifaa milioni kusambaa, kuurekebisha uchafu wake ni gharama kubwa mno.

Nani agharimie?

Hapa ndipo suala hili linapotoka katika maabara na kuingia katika haki. Mita ya nyumbani huhesabu nishati tu, haihesabu uchafu. Joto linalopotea katika transfoma ya mtaa kwa sababu ya hamoniki za karakana moja hulipwa na shirika la umeme, na shirika hatimaye huligawa katika bei inayolipwa na wote. Mama anayewasha taa mbili na feni moja anashiriki kulipa uchafu wa jirani ambaye hajapata kusikia neno hamoniki.

Kanuni za kimataifa zimekwisha kuuona ubishi huu. Kanuni ya IEEE 519 ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na kurekebishwa mara kadhaa hadi ile ya mwaka 2022, hugawa wajibu kwa namna inayoeleweka: mteja huwajibika kwa mkondo anaouingiza katika laini, na mgawaji huwajibika kwa volteji anayoitoa. Katika laini za chini ya kilovolti 1, uchafu wa volteji kwa jumla hautakiwi kuzidi asilimia 8. Kanuni ya IEC 61000-3-2 nayo huweka mipaka kwa kifaa kimoja kimoja kisichozidi ampea 16. Lakini tuisome kwa makini. Ukiacha taa, vifaa vya wati 75 au chini yake havikuwekewa mipaka, na taa zisizozidi wati 25 zimelegezewa masharti, hata hamoniki ya tatu yaweza kuruhusiwa kufika asilimia 86. Katika nchi ambamo kaya hutumia vifaa vikubwa vya aina nyingi, ulegevu huo huenda usionekane sana. Katika mtaa wetu, ambamo mizigo mingi ni taa za LED, chaja na televisheni ndogo, kilichosamehewa kwa kuwa ni kidogo ndicho kilicho kingi.

Wapo watakaonijibu kwamba masharti makali yatapandisha bei ya balbu, na kwamba mwananchi maskini ndiye atakayeumia. Hoja hii ina uzito, na sipendekezi kumnyang'anya mtu taa yake. Wengine husema kwamba hamoniki za vifaa vingi hufutana zenyewe kwa sehemu, kwa kuwa mapigo yake hayafanani, na kwamba chujio moja kubwa kituoni ni nafuu kuliko kurekebisha maelfu ya vifaa. Ni kweli kwamba hamoniki za juu hufutana kwa kiasi fulani. Ile ya tatu, iliyo adui wa nyutro, hufutana kidogo sana, kwa kuwa taa zote hunyakua katika kilele kile kile cha wimbi. Na chujio la kituoni, kama nilivyoeleza, haliwezi kuziokoa nyaya za nyumbani.

Kwa hiyo napendekeza mpangilio ufuatao. Kwanza, tupime. Pasiwe na chujio litakalonunuliwa kwa fedha za umma kabla ya kuwapo vipimo vya wiki nzima vinavyoonyesha hamoniki zipi zipo na hutoka wapi. Pili, zabuni za serikali za balbu, kompyuta na vifaa vya kuongoza mota zidai usafi unaozidi kiwango cha chini cha kimataifa. Mnunuzi mkubwa ana sauti ambayo mnunuzi mmoja mmoja hana, na bei ya kwanza ikipanda kidogo hulipwa na serikali, si na yule mama wa taa mbili. Tatu, mteja mkubwa mpya asiunganishwe mpaka amekubali kwa mkataba kupimwa mahali anapounganika na laini ya umma. Nne, majengo mapya yawekewe nyutro isiyopungua unene wa nyaya za fezi.

Yakiisha kutendeka hayo, chujio tendaji lina mahali pake pa heshima: hospitali yenye mitambo isiyostahimili uchafu, kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu ambacho mzigo wake hubadilika kila dakika, majengo ya zamani ambayo nyaya zake haziwezi kubomolewa. Gharama yake katika viwanda na ibebwe na yule anayeuzalisha uchafu.

Jambo hili haliwezi kungoja. Reli ya umeme ya Tanzania, inayotumia kilovolti 25, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huo huo. Mitambo ya umeme wa jua inaongezeka juu ya mapaa. Yote hayo ni maendeleo ya kushangiliwa, na yote hupitisha umeme katika swichi za elektroniki. Masharti yakiwekwa wakati wa kufunga huwa na gharama ndogo. Yakicheleweshwa, tutayalipia kwa transfoma.

Kazi ya shule

Ndugu walimu, huenda mkasema kwamba mambo haya ni ya Chuo Kikuu. Sikubaliani. Mwanafunzi anayeijua saini aweza kuiona hoja ya Fourier kwa karatasi ya grafu na penseli. Mwambieni achore saini ya pembe, aongeze theluthi moja ya saini ya pembe mara tatu, kisha sehemu moja ya tano ya saini ya pembe mara tano. Kwenye digrii 30 atapata 0.5 na 0.333 na 0.1, jumla 0.933. Kwenye digrii 60 atapata 0.866 na sifuri na kutoa 0.173, yaani 0.693. Kwenye digrii 90 atapata 1 kutoa 0.333 kuongeza 0.2, yaani 0.867. Mabega ya mlima yatakuwa yamebomoka kuelekea kwenye kitu cha bapa. Akiendelea kuongeza namba witiri, mchoro utazidi kukaribia mraba ambao urefu wake ni robo ya pai, yaani 0.785.

Baada ya hapo achore fezi tatu zilizopishana kwa digrii 120, ajumlishe mawimbi ya msingi, kisha ajumlishe hamoniki zake za tatu. Ataiona kwa macho yake sifuri upande mmoja, na mara tatu upande wa pili. Zoezi hilo halihitaji maabara wala fedha za kigeni.

Vijana hao ndio watakaokaa katika kamati za zabuni, katika shirika la viwango, bandarini na katika shirika la umeme. Muuzaji atakapowaletea kabati lenye taa za kijani na kuwaambia kwamba ndilo litakaloyamaliza matatizo yao yote, nawatakia wawe na ujuzi wa kumwuliza maswali mawili: uchafu huu unatoka katika kifaa gani, na je, kifaa hicho kimekwisha kutiwa koili?